Mzaha wa Safari

Ukikaa na mahujaji waliosafiri msafara mmoja, hata ikiwa wamerudi miaka kumi, utawasikia wakichekeana kwa maneno usiyoyajua. Hapa Kirongwe mmoja akiuliza bei ya pweza, mwenziwe hudakia, "Khamsa!", na wote hucheka. Ndivyo walivyopokewa na wachuuzi wa Makka: riyali tano, kila kitu riyali tano. Mtu akisimama mlangoni pa msikiti huambiwa, "Yalla, haji!", kama askari wa Haram wanavyowahimiza watu wasizibe njia.

Mzaha huo hauna ubaya. Watu waliolala pamoja juu ya changarawe za Muzdalifa wamekuwa ndugu, na vijineno hivyo ni alama ya udugu wao. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya mzaha na masahaba zake, wala hakusema ila kweli. (Wanaodai kuwa mcha Mungu hacheki wameyatunga wenyewe.)

Lakini lipo neno moja silipendi. Mina ina mahema zaidi ya 100,000, meupe yote, sura moja yote. Yalijengwa ya kutoshika moto baada ya ule moto wa mwaka 1997 uliowaua mahujaji zaidi ya 300. Mwaka 2019 mahujaji walikaribia 2,500,000. Kupotea humo si ujinga. Mzee wetu mmoja alipotea. Askari alipomuuliza anakaa wapi, akajibu, "Kirongwe! Kirongwe!" Aliporejeshwa usiku wenzake walicheka, naye akacheka nao.

Kule kicheko kilikuwa cha furaha ya kumwona. Kilipovuka bahari kikaingia barazani, kikageuka. Watoto ambao hata Nyamisati hawajafika wanampigia kelele njiani, "Haji Kirongwe!" Aya ya 11 ya Surat Hujurat imekataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, wala haikumtoa yule aliyewahi kucheka siku ya kwanza. Mzee akaacha baraza. Akisha kusali, hutokea mlango wa nyuma.

Nilimwendea kwake nikamwomba anisimulie mwenyewe. Kumbe siku ile alimkuta mzee wa Kihindi amepotea, analia. Akamshika mkono, wakazunguka kwa ishara tupu mpaka wakaliona hema la watu wake. Wakati wa kurudi peke yake ndipo naye alipopotea.

Nikamuuliza, "Mbona hukuwaambia wenzio?"

"Hawakuniuliza, sheikh. Walikuwa wanacheka."