Aliye Juu Mngoje Chini

Sisi watu wa visiwani methali hii huitumia kumsuta mwenye kiburi: mwache apande, siku yake ya kuteremka haiko mbali. Maana yake nyingine nilifundishwa Ujiji, chini ya mchikichi, na mwalimu wangu alikuwa mjomba. Naiandika leo kwa kuwa msimu wa karafuu umekaribia.

Mama yangu ni mzaliwa wa Ujiji. Ndoa ndiyo iliyomleta Wete. Nilipomaliza shule nilipelekwa kwa kaka yake, nikae naye mwaka mmoja. Nikaukuta mji wa maembe na mawese. Richard Burton alipofika huko mwaka 1858 aliyakuta mawese yakiuzwa sokoni, na hadi leo Kigoma haijaacha kunukia mafuta hayo. Michikichi ya mjomba ilikuwa ile ya asili, urithi wa wazee, na mingine ilikuwa mirefu kuliko mnara wa msikiti wa mtaani.

Msomaji wa pwani anamjua mkwezi wa mnazi. Huyu wa mchikichi hupanda kwa mshipi, yaani kamba nene inayozunguka shina na kiuno chake kwa pamoja. Hujiegemeza nyuma mpaka kamba ikaze, nyayo zikikanyaga visiki vya makuti yaliyokatwa. Kisha husogea kidogo, huirusha kamba juu, na kupiga hatua. Uhai wake umo katika kuegemea kule. Akilikumbatia shina kwa hofu, kamba hulegea na kuteleza. Huko kileleni kuna miiba, pengine nyuki, na mara nyingine nyoka aliyewafuata panya walao chikichi. Mkungu ukikatwa hushuka kwa kishindo, na huweza kuwa na kilo 20 au zaidi. Ole wake aliye chini!

Mjomba alikuwa na desturi yake. Kwanza aliikagua kamba shubiri kwa shubiri. Kisha alilipapasa shina kujua kama umande umekauka, kwani shina lililoloa halikwewi. Mwisho aliuliza, "Nani yuko chini?" Nami nikajibu, "Niko, mjomba." Kazi yangu ilikuwa kuwazuia wapita njia, kulitazama fundo kwa upande asiouona yeye, na kungoja. Niliiona kuwa kazi ya watoto.

Asubuhi moja nilijibu "Niko," kisha nikaondoka. Mitumbwi ilikuwa inarudi ufukweni na dagaa, nami nikajiambia kwamba nitarudi kabla hajaukata mkungu wa pili. Nyuki walimtokea kutoka penye makuti. Hakuwapo wa kuwasha moshi, hakuwapo wa kumwambia fundo liko salama, ashuke taratibu. Akafanya haraka, akalikumbatia shina, kamba ikamponyoka. Alilala pale, nyonga imevunjika, hadi adhuhuri, alipoonwa na mama mmoja aliyekuwa anatafuta kuni. Mimi nilirudi nikipiga mluzi, dagaa mkononi.

Hakunilaumu. Alisema tu, akiwa kitandani, "Mwanangu, kamba haina macho. Ndiyo maana nilikuuliza." Hakupanda tena maishani mwake.

Baadaye mambo yalianza kubadilika. Mwaka 2018 serikali ililivalia njuga zao hili, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikaanza kuzalisha miche ya aina ya tenera. Miti hiyo huanza kuzaa ingali mifupi, mvunaji akasimama ardhini na kukata mkungu. Ni neema kubwa. Hata hivyo mti haukomi kukua kwa kutuonea huruma. Nao utarefuka, na iko siku utamtaka mtu apande.

Na huku kwetu mikarafuu haijafupika. Matawi yake huvunjika kirahisi, nasi twajua, lakini kila msimu nawaona vijana wakipanda alfajiri kila mmoja peke yake, kwa kuwa anayengoja chini hachumi, na asiyechuma halipwi. Hesabu hiyo huonekana sawa mpaka tawi livunjike.

Nilipokwenda Ujiji mara ya mwisho, mjukuu wa mjomba alikuwa anavuna mchikichi mchanga, miguu yake ardhini. Mzee alikuwa ameketi mkekani chini ya mwembe, macho yake hayaoni tena vizuri. Aliposikia panga likigonga kikonyo, akapaza sauti: "Nani yuko chini?"

Kijana akacheka. "Babu, sote tuko chini."

Mimi sikucheka. Niliinuka, nikaenda kusimama karibu na mti, nikajibu, "Niko, mjomba."