Mshale Uliokuja bila Hodi

Habari hii ni ya aibu yangu mwenyewe. Nimeiandika kwa sababu ilinifundisha, na nadhani itakufaa na wewe.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ilinipeleka katika kijiji kimoja cha wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Darasa letu lilikutana saa kumi jioni chini ya mwembe. Wanafunzi walikuwa 18. Wengi wao walikuwa Wazigua, wakulima wa mahindi na mihogo. Na mimi nilipewa shamba la ekari moja karibu na nyumba niliyopanga. Nikapanda mahindi.

Mahindi yalipoanza kukomaa, wakaja nguruwe pori. Mkulima wa Handeni hana haja ya kuelezwa habari za nguruwe. Wakiingia usiku, asubuhi utakuta mabua yamelala chini kama yamepitiwa na trekta. Mara ya kwanza nilisikitika. Mara ya pili nilihesabu hasara. Mara ya tatu nilikasirika.

Siku moja nilikwenda Korogwe kwa shughuli za kazi. Karibu na stendi nilimkuta mtu anauza vibuyu, vinu vidogo, pinde na mishale. Nilinunua upinde mmoja na mishale mitatu. Je, niliichaguaje? Nilijaribu ncha kwa kidole. Iliyochoma zaidi ndiyo niliyoichukua. Muuzaji hakuniuliza nitaifanyia kazi gani, nami sikumwuliza imetengenezwaje.

Jumapili iliyofuata, jua likizama, nguruwe alitokea pembeni mwa shamba. Nilivuta upote, yaani kamba ya upinde, nikaachia. Mshale haukwenda nilikolenga. Ulikata upande wa kulia, ukapita juu ya migomba, ukatoweka. Nguruwe alikimbia. Nilitafuta mshale ule mpaka giza likaingia, nisiuone.

Kesho yake nilikuwa nimeanza somo. Mama mmoja, jirani yangu na mwanafunzi wangu, alikuja amechelewa. Hakuketi. Alifungua khanga yake, akatoa mshale, akauweka juu ya meza mbele ya darasa zima.

"Mshale wako huu, Mwalimu," alisema. "Jana ulikuja kwangu. Haukupiga hodi."

Hakuna aliyecheka. Aliendelea, "Binti yangu alikuwa anaingia ndani na ndoo ya maji. Mshale ulichoma mwimo wa mlango. Ulipita hapa." Akaweka kiganja chake karibu na sikio.

Nilishindwa kusema. Chaki ilikuwa mkononi, nami sikujua niiweke wapi. Mwishoni nilimwomba radhi mbele ya wote.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini nataka kujua. Nguruwe alikuwa mbele yako. Nyumba yangu iko kulia. Kwa nini mshale ulikuja kwangu?"

Sikuwa na jibu. Aliyekuwa na jibu ni mzee mmoja aliyeketi nyuma. Umri wake ulipita miaka 70. Alipata kuandikishwa darasani akiwa kijana, katika kampeni za kufuta ujinga za miaka ya 1970, lakini aliacha. Alipenda mwitu kuliko daftari. Sasa alikuwa amerudi kujifunza.

"Hebu nipe niutazame," alisema. Aliufumba jicho moja, akautazama mshale toka nyuma hadi kwenye chembe. Kisha akasema, "Mwalimu, hapa pana makosa mawili. La kwanza ni lako. Ulipiga kuelekea nyumba za watu. Mshale mzuri hauponyi kosa hilo. La pili ni la mshale. Huu si mshale wa upinde ule."

Jioni ile na jioni mbili zilizofuata, mzee ndiye aliyefundisha. Mimi niliandika ubaoni.

Mshale na upinde wake

Mzee alitueleza jambo ambalo sikulijua. Mshale hauondoki kwenye upinde ukiwa umenyooka kama msumari. Upote unapousukuma kwa nyuma, mti wa mshale hupinda kidogo, ukapita ubavuni mwa upinde, kisha hujinyoosha ukiwa hewani. Mti ukiwa laini mno kwa upinde wenye nguvu, hupinda kupita kiasi na mshale huenda upande. Ukiwa mgumu mno, nao hukataa kuzunguka upinde, ukaenda upande wa pili. Kwa hiyo mshale unaofaa upinde wa mtoto haufai upinde wa mtu mzima.

Tulipima. Tuliweka matofali mawili mezani, tukalaza mshale juu yake. Katikati tulitundika jiwe dogo kwa uzi. Mwanafunzi mmoja alishika rula. Mshale wa kwanza ulishuka milimita 8, wa pili milimita 15, wa tatu milimita 9. Jiwe lilikuwa lile lile. Ule wa pili ndio uliokwenda mlangoni kwa jirani.

Uzito

Kisha tulipima uzito. Hatukuwa na mizani ndogo. Tulifunga uzi katikati ya kijiti, tukakining'iniza kwenye tawi la mwembe. Upande mmoja tulifunga mshale, upande wa pili kikopo chepesi. Tulitia punje za mahindi katika kikopo mpaka kijiti kikalala sawa. Mshale wa kwanza ulikuwa sawa na punje 118, wa pili punje 87, wa tatu punje 121. Darasa lilitoa hesabu: 121 kutoa 87 ni 34.

"Tofauti ya punje 34!" alisema mzee. "Mwalimu, utajifunzaje kulenga? Mshale mzito hushuka mapema, mwepesi huenda juu zaidi. Leo unasahihisha mkono wako kwa mshale huu, kesho mshale mwingine unakusuta." Mishale ya podo moja hapana budi iwe ndugu: urefu mmoja, uzito mmoja, ugumu mmoja.

Mambo mengine ya kutazama

Haya ndiyo tuliyoyaandika katika madaftari yetu.

Kwanza, mshale uwe umenyooka. Uviringishe juu ya ubao laini. Ukirukaruka, umepinda. Mti uliopinda kidogo huweza kupashwa moto taratibu na kunyooshwa kwa mikono.

Pili, mti usiwe na ufa. Upinde kidogo karibu na sikio. Ukisikia unalia, uvunje, usimpe mtu. Mshale wenye ufa huweza kuvunjika wakati wa kuachia, na vipande vyake vikaingia mkononi.

Tatu, uwe na urefu wa kutosha. Vuta upote mpaka mwisho wa mvuto wako. Chembe ibaki mbele ya upinde. Ikirudi nyuma ya upinde, mkono wako ndio utakaokuwa shabaha.

Nne, mbele kuwe kuzito kuliko nyuma. Laza mshale juu ya kidole mpaka utulie. Mahali unapotulia pawe mbele ya katikati, kuelekea chembe. Mshale mzito nyuma huyumba.

Tano, manyoya yawe matatu, yenye urefu sawa, na yote yatoke katika mabawa ya upande mmoja, ama kulia, ama kushoto. Kazi yake ni kuunyoosha mshale hewani. Manyoya ya kuku au kanga yanatosha.

Sita, mkato wa nyuma ushike upote bila kubana. Chini yake pafungwe uzi imara, ili mti usipasuke. Mkato ukipasuka, upote huenda bila mshale, na upinde huweza kuvunjika.

Saba, chembe isicheze, na iwe ya kazi yake. Chembe pana hukata. Kichwa butu cha mti hufaa kwa mazoezi. Ukali wa ncha, ambao mimi niliutazama peke yake, mzee aliutaja mwisho kabisa. "Ncha hunolewa kwa dakika moja," alisema. "Mti uliopinda utaunoa na nini?"

Picha katika simu

Kijana mmoja mwenye bodaboda alitoa simu yake, akatuonyesha picha ya upinde wa mtambo. Upinde huo hulala juu ya mti wenye kitako kama cha bunduki, na upote huachiwa kwa kuvuta kidole. Watu wa China walikuwa nao zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498 nao walikuwa na silaha hiyo. Mishale yake ni mifupi na minene.

"Huo hauhitaji elimu ya Babu," alisema kijana. "Mtambo unafanya kazi yote."

Mzee alicheka. Aliuliza, "Ukiweka mshale mwepesi kama unyasi, zile nguvu zote zitakwenda wapi?" Kijana alifikiri, akakosa jibu. Mzee akasema, "Zitaurudia upinde, zitaupasua." Na ni kweli. Mwenye upinde wa mtambo naye huchagua mshale kwa uzito, kwa urefu na kwa nguvu za upinde wake.

Sumu na sheria

Mama yule jirani aliuliza swali lililokuwa mioyoni mwa wengi. "Na kama mshale ungekuwa na sumu?"

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha alisema kwamba zamani wawindaji walichemsha sumu ya mti uitwao msungu. Sumu hiyo ikiingia katika damu husimamisha moyo. Hukaa katika mshale kwa miaka mingi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta mishale ya babu yako darini, usiiguse ncha, wala usiwape watoto wachezee. Toa habari kwa viongozi wa kijiji.

Nami nilikwenda kumwuliza afisa wanyamapori. Aliniambia kwamba nguruwe pori naye ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na silaha ya sumu imekatazwa. Wanyama wakiharibu mashamba, wananchi watoe taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa afisa huyo, wapate msaada. Nilijiona mjinga mara ya pili. Mimi ninayewafundisha watu kusoma nilinunua silaha kabla ya kusoma sheria.

Tulitoa taarifa. Tuliweka ua wa miiba, tukapanga zamu za kulinda usiku, tukawasha moto na kupiga madebe. Nguruwe hawakwisha, lakini tulivuna.

Jioni ya mwisho

Jioni ya tatu mzee alitupeleka nyuma ya kijiji, penye kichuguu kikubwa. Alifunga mtumba wa nyasi mbele yake. "Shabaha iwe na ukuta nyuma yake," alisema. "Na watu wote wasimame nyuma ya mpigaji." Alihesabu hatua 20, akapiga mishale yake minne ya zamani. Yote minne ilikaa mahali pamoja, ungeweza kuifunika kwa sahani.

Kisha aliomba upinde wangu na mishale yangu mitatu. Wa kwanza na wa tatu iliingia katika nyasi. Wa pili ulikata upande wa kulia, ukagonga kichuguu hatua nzima kutoka penye shabaha. Mkono ulikuwa ule ule wa mzee. Mama jirani alitazama mahali ulipogonga, kisha akanitazama mimi. Sasa alikuwa amepata jibu lake.

Tuliporudi chini ya mwembe, niliwaambia kila mtu aandike kanuni moja katika daftari lake bila kunakili ubaoni. Mzee aliandika, "Mishale iwe ndugu." Ilimchukua muda mrefu, lakini aliimaliza. Mama jirani aliandika polepole, akinitazama mara kwa mara. Nilipopita kusahihisha, nilikuta ameandika hivi:

"Kabla ya kuachia, jua nani yuko nyuma ya nguruwe."

Nilisoma mara mbili. Hapakuwa na kosa hata moja. Nikaweka alama ya vyema, nikamrudishia daftari lake kwa mikono miwili.