Siku Moja, Mtaa Mmoja: Kupanga Matembezi ya Familia Mjini Singapore

Safari ya familia katika mji wa kigeni hupimwa kwa nguvu za yule anayechoka mapema kuliko wenzake, awe mtoto wa chekechea au bibi anayeumwa na magoti, na ndiyo maana ratiba yake haiwezi kuwa orodha ya vivutio vyote vinavyosifiwa. Singapore, mji ambao umekuwa dola kamili tangu tarehe 9 Agosti 1965, unaifaa sana safari ya namna hiyo, kwa kuwa eneo lake ni dogo, mitaa yake ya kale inapitika kwa miguu, na mitaa hiyo imeunganishwa na treni za mjini, zinazoitwa kwa kifupi MRT, zilizoanza kazi mwaka 1987. Kanuni inayopaswa kuongoza mpango mzima ni nyepesi: siku moja, mtaa mmoja.

Maandalizi huanzia nyumbani. Msafiri anayetoka katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano, na Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi hizo, hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo, nayo chanjo yenyewe huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10, hivyo haifai kuachiwa juma la mwisho. Kalenda nayo ina uzito wake. Mji huu uko takriban digrii 1 kaskazini mwa Ikweta, joto lake la mchana hukaribia nyuzi 32 mwaka mzima, na mvua zake huzidi kati ya Novemba na Januari. Kwa sababu hiyo matembezi ya nje hupangiwa asubuhi, adhuhuri hutengwa kwa mapumziko au kwa majengo yenye kiyoyozi, na matembezi hurudi jioni jua linapopungua makali.

Siku ya kwanza, wakati miili bado ina uchovu wa ndege, inastahili kutolewa kwa Bustani ya Mimea ya Singapore, iliyoanzishwa mwaka 1859 na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Kuingia ni bure, isipokuwa sehemu ya maua ya okidi, na watoto wana bustani yao ya kuchezea. Hapa ndipo Henry Ridley, aliyeanza kuiongoza bustani mwaka 1888, alipoboresha njia ya kugema utomvu wa mpira bila kuua mti, na maarifa hayo yakabadilisha kilimo cha Asia ya Kusini-Mashariki.

Siku ya pili ni ya Telok Ayer, barabara ambayo zamani ilikuwa ufuko wenyewe, kabla bahari haijafukiwa katika karne ya 19 ili kuongeza ardhi. Wahamiaji waliposhuka salama kutoka merikebuni walishukuru papo hapo, kila kundi kwa imani yake. Wachina wa Fujian walijenga hekalu la Thian Hock Keng kati ya 1839 na 1842 kwa heshima ya Mazu, mungu mlinzi wa mabaharia, na hatua chache kutoka hapo Waislamu wa Kitamil walikuwa tayari wamejenga Nagore Dargah, jengo la kumkumbuka walii wa mji wa Nagore huko India. Mzazi akisimama na mwanawe mlangoni mwa hekalu, akamweleza kwamba mawimbi yalikuwa yakifika karibu na hapo, mtoto hupata somo la historia ambalo darasa haliwezi kumpa.

Siku ya tatu huelekea Kampong Gelam, eneo ambalo mpango wa mji wa mwaka 1822 ulilitenga kwa ajili ya Sultani, Wamalay, Wabugis na Waarabu. Waarabu hao wengi wao walitoka Hadhramaut, pwani ileile iliyopeleka masharifu na wafanyabiashara Lamu, Mombasa na Zanzibar, na kwa hiyo mgeni wa Kiswahili hapo hukutana na tawi jingine la historia yake mwenyewe. Msikiti wa Sultan, uliokamilika mwaka 1932, una kuba za rangi ya dhahabu, na chini ya kila kuba umezunguka ukanda mweusi unaong'aa: ni vitako vya chupa za kioo, vilivyotolewa na Waislamu maskini ili nao wawe na sehemu yao katika ujenzi. Wageni hukaribishwa nje ya nyakati za sala, wakiwa wamejisitiri.

Chakula hakipaswi kuvunja bajeti. Kila mtaa una ukumbi wa vyakula uliokusanya vibanda vya mama lishe na baba lishe chini ya paa moja, utamaduni uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2020, na vibanda vya halali huonyesha cheti cha Baraza la Kiislamu. Mtoto anayekataa vyakula vigeni hawezi kukataa nasi lemak, kwani ni wali wa nazi, wala murtabak, ambayo mwenyeji wa Mombasa ataitambua upesi kuwa ni ndugu wa mkate wa mayai. Tahadhari ni moja: ndani ya treni hairuhusiwi kula wala kunywa, na faini yaweza kufika dola 500 za nchi hiyo, hivyo watoto hulishwa kabla ya kupanda.

Ratiba ya aina hii itaacha vivutio vingi bila kuonwa, na hilo si hasara. Familia iliyotembea barabara moja kwa utulivu, ikauliza ni nani waliijenga na kwa nini, hurudi na maarifa ambayo watoto wataweza kuyasimulia wenyewe, ilhali iliyokimbizwa kutoka lango hadi lango hurudi na picha ambazo hakuna anayekumbuka zilipigwa wapi. Anayepanga safari basi aanze kwa kupunguza, na siku moja aiache tupu, ili watoto waichague wao.