Zawadi Ndiyo Iliyotufundisha Kuvuta kwa Zamu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipoingia kwenye mbio za baiskeli za Kanda ya Ziwa, kila mtu alikuja na nguvu zake na kuondoka nazo. Wengi tulikuwa wabeba mizigo: mkaa, maziwa, magunia ya mpunga. Baiskeli zenyewe zilikuwa zilezile za kazini, Phoenix na Swala. Usiku wa kuamkia mashindano tulizivua madigadi, keria, stendi na kava la mnyororo zipungue uzito, na kesho yake jioni tukazifunga tena, maana keshokutwa kuna mzigo. Mnasimama Mwanza asubuhi, filimbi inalia, na kuanzia hapo ni miguu tu hadi Shinyanga, zaidi ya kilomita 150.

Mbinu ilikuwa moja: kutangulia. Vijana walichomoka kama waliofukuzwa, na kabla ya Misungwi nusu yao walishaanza kulegea. Kiangazi upepo wa kusi haukuachi njia nzima; usipokupiga usoni utakupiga ubavuni, kutoka kushoto. Hakuna asiyejua kwamba ukikaa nyuma ya mwenzako unapumua, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyekubali kukaa mbele. Watu sita wakifanikiwa kulikimbia kundi, walianza kutegeana, huyu anamsubiri yule, mwendo unashuka, na mara kundi zima hili hapa limewafikia. Aliyejificha nyuma hadi mwisho kisha akachomoka mita za mwisho tulimwita kupe, na kupe ndiye aliyeshinda mara nyingi.

Waliotutazama walisema tumekosa mafunzo. Sikukubali wakati ule na sikubali leo. Tatizo lilikuwa bahasha. Zawadi walipewa waliotangulia kufika, basi. Aliyekata upepo toka Mabuki hadi Maganzo akafika wa ishirini alirudi kwake na jasho lake. Kwa hesabu hiyo, kumvutia mwenzako ni kuwanyima wanao ugali, na mtu mwenye akili timamu hafanyi hivyo.

Aliyeligusa jambo hili pale panapouma ni mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa akikimbia nasi. Tulikuwa tumekaa kwa fundi baiskeli, tukibishana nani avute lini. Akasema, "Jamani ndugu zangu, kabla ya kupanga nani avute, tupange kwanza hela zitagawanywaje." Tukakubaliana: chochote atakachoshinda yeyote kati yetu kinaingia chungu kimoja, kinatolewa fungu la matairi na mipira, kinachobaki kinagawanywa sawa kwa sawa. Wawili wenye miguu mikali kuliko sote walikataa. Mmoja alirudi baada ya kuona anashindwa na watu anaowajua ni dhaifu kuliko yeye.

Baada ya hapo mambo ya barabarani yalijipanga upesi kuliko nilivyotarajia. Tulijifunza kuvuta kwa zamu fupi. Anayeongoza anaondoka kabla hajachoka, si baada. Anatikisa kiwiko, anasogea upande unakotoka upepo, anajiachia taratibu hadi mkiani. Kijana mgeni hupenda kuongeza mwendo zamu yake inapofika, ili aonekane. Hapo ndipo mstari unapokatika, kwa sababu ukinzani wa hewa haupandi sambamba na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani unazidi mara nne. Mwalimu alituchorea jambo hilo mchangani kwa kijiti, na tangu siku hiyo aliyekurupuka zamu yake ilipofika alipigiwa kelele na wote.

Lakini silaha yetu kubwa ilikuwa upepo wa ubavuni. Ule uwanda wa kabla ya Maganzo hauna hata mti wa kukukinga. Upepo ukitoka kushoto, mahali pa kujificha si nyuma ya mwenzako moja kwa moja, ni nyuma yake upande wa kulia, kwa hiyo mnajipanga mshazari. Anayeongoza akishika ukingo wa kushoto, wenzake wote wanapata nafasi. Mkitaka kuwakomoa wapinzani, nyinyi wanne jipangeni mshazari, kisha kiongozi asogee kulia kiasi kwamba wa mwisho wenu ndiye anayegusa mstari wa katikati. Wa tano hana pa kwenda. Anabaki amenyooka nyuma yenu akila upepo peke yake, na nyuma yake wamepangana wengine wanaokula upepo uleule. Ongezeni mwendo kidogo tu, kundi linapasuka. Mara ya kwanza tulipolifanya hilo nilitazama nyuma nikaona pengo likipanuka, nikapiga kelele ya furaha ambayo wenzangu wananikumbusha hadi leo.

Miaka ilivyokwenda, simu zilituletea mengine. Tuliwafuatilia majirani kwenye Tour du Rwanda, iliyoingia kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Mwalimu akatusimulia habari za René Vietto, Mfaransa wa miaka 20, ambaye katika Tour de France ya 1934 alimpa kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, gurudumu lake, akabaki ameketi kando ya barabara akisubiri jingine. Magne akatwaa ubingwa. Swali letu la kwanza lilikuwa: Vietto alipata nini? Tukaongeza kanuni kwamba anayetoa gurudumu hapotezi fungu lake hata asipomaliza mbio. Hata kwenye Tour de France, ni desturi bingwa kuwagawia wenzake fedha za ushindi.

Sasa nimekuwa mtu wa kushika saa na chupa za maji, na vijana wa kiume na wa kike wanaotumia barabara ile wanapokezana vizuri kuliko sisi. Kilichobaki ni kwa waandaaji. Wengi bado wanatoa zawadi kwa mtu mmojammoja tu, na kikundi kisicho na mapatano ya ndani kinarudi kulekule kwenye kutegeana. Wajumlishe muda wa watu watatu wa kwanza wa kila timu, kama zinavyofanya mbio kubwa, na watenge zawadi kwa hesabu hiyo. Nimewaambia hivyo zaidi ya mara moja, na nitawaambia tena kabla ya kiangazi kijacho.