Ramani ya Marehemu Baba

Ukutani kwangu hapa Buzuruga ipo ramani ya dunia aliyoniachia marehemu baba. Imechanika pembeni, na Tanzania haimo, ipo Tanganyika. Enzi zile baba alitupanga mbele yake kabla ya chakula cha usiku, akauliza: "Nchi ipi ni huru?" Aliyekosa alikula wa mwisho.

Hivyo nikajifunza kuisoma ramani kama saa. Uganda ni huru, Kenya bado koloni: basi hiyo ni dunia ya baina ya tarehe 9 Oktoba 1962 na 12 Desemba 1963.

Juzi nilimketisha mjukuu wangu nimpime. Alijibu zote, kisha akanigeuzia kibao: "Babu, nchi ya Afrika iliyopata uhuru mwisho ni ipi?"

"Eritrea, mwaka 1993," nikajibu kwa kujiamini.

"Hapana, Babu. Sudani Kusini, tarehe 9 Julai 2011."

Nikaona haya. Tangu 2016 tumo nayo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, nami nimeshikilia karatasi ya baba kana kwamba dunia ilisimama siku ile.

Usiku ule nilikula wa mwisho, bila kuamriwa na mtu.