Mchukuzi na Bahasha

Katika ujana wetu mashairi yalikwenda gazetini kwa posta. Stempu ya mwanafunzi ilikuwa sawa na ya mkuu wa mkoa, wala mchukuzi wa barua hakuuliza kama bahasha ina utenzi, ombi la kazi au habari za msiba. Mhariri ndiye aliyekuwa na haki ya kulitupa shairi, na aghalabu alilitupa, lakini hilo ni shauri jingine.

Intaneti nayo ilikua kwa desturi hiyo. Tarehe 30 Aprili 1993 taasisi ya CERN, Geneva, iliuachia umma bure utaratibu wa kurasa za wavuti, hata atakaye kuandika ukurasa wake asihitaji kumwomba mtu ruhusa. Kampuni za simu zikawa wachukuzi. Sasa mchukuzi ameanza kuchungulia bahasha: huuza kifurushi cha mitandao ya kijamii kwa bei nafuu, ilhali msomaji wa makala za maktaba hulipa bei kamili.

Wako wasemao, maskini akipewa kidogo bure, ubaya uko wapi? Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana njaa ya habari ni njaa kweli. Watu wa India waliipima. Facebook iliwaletea huduma ya Free Basics, iliyofungua bila malipo tovuti chache zilizokubaliwa. Wao wakauliza: zimekubaliwa na nani? Tarehe 8 Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipiga marufuku kutoza bei mbalimbali kwa kuangalia kilichomo, ikiacha mlango kwa mambo ya dharura tu. Siku chache baadaye huduma ile iliondolewa India.

Nami, mtumishi wa serikali, sitasema kuwa wenye makampuni peke yao ndio huchungulia. Uganda iliwatoza watumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku tangu Julai 2018, mpaka kodi ile ilipofutwa mwaka 2021.

Kwa lugha yetu jambo hili ni zito. Kiswahili hakina hazina ya kununulia njia ya upendeleo. Mwalimu abandikaye tenzi za wanafunzi wake katika tovuti ya shule hushindana na picha za kuchekesha zilizokwisha kulipiwa, na mwanafunzi mwenye kifurushi cha shilingi chache hawezi hata kuufungua ukurasa wenye utenzi wake mwenyewe.