Shika Wewe

Katika banda la gemu la mjomba wangu, Ngamiani, Tanga, mimi nilikuwa mshika saa. Banda lilikuwa na televisheni tatu na pleisteshen tatu, zile za kwanza za rangi ya kijivu, ambazo ndugu zetu wa Muscat walizileta moja moja kila walipokuja likizo. Nilikaa kwenye benchi lililowaelekea wachezaji, kwa sababu kutoka hapo niliona nani muda wake umekwisha na nani anajifanya hajasikia. Kwa hiyo, kati ya mwaka 1998 na 2002, wenzangu walipokuwa wanatazama skrini, mimi nilitazama nyuso. Kama leo nina la kusema kuhusu hofu, nimelitoa kwenye benchi lile.

Biashara ilikuwa ya mpira na ngumi. Winning Eleven na Tekken 3 ndizo zilizolipa: mechi moja, hela moja, aliyefungwa anampisha mwingine. Gemu za kutisha zililipiwa kwa nusu saa, na mjomba hakuzipenda, maana mtu mmoja angeweza kukalia televisheni jioni nzima huku kundi la wasiolipa limesimama nyuma yake. Alizivumilia baada ya Isha tu, wateja wa mpira wakishapungua. Diski zilikuwa kopi, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nyingine zilikuwa na maandishi ya Kijapani matupu, ukibonyeza hujui umekubali nini. Resident Evil yetu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo.

Gemu ile Capcom waliitoa mwaka 1996, chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Askari wa kikosi maalumu wanafukuzwa na mbwa msituni, wanakimbilia jumba kubwa, wanakuta limejaa maiti zinazotembea. Sisi tuliwaita misukule, na hapo ndipo niliposhangaa kwa mara ya kwanza, kwa sababu misukule hawakumtisha mtu. Jioni moja mzee wa jirani aliingia kumtafuta mjukuu wake, akasimama akimtazama msukule anavyomtafuna askari, akatikisa kichwa.

"Huo uongo," akasema. "Msukule hali watu. Msukule analima, jioni anapewa pumba."

Banda zima lilicheka, mchezaji naye akacheka, risasi zikaendelea. Sura ya kiumbe, hata iwe mbaya namna gani, ilizoeleka ndani ya robo saa.

Milango haikuzoeleka. Ukifungua mlango katika jumba lile, kila kitu kinatoweka gizani, unabaki mlango peke yake, nao unafunguka taratibu kwa mlio wa bawaba. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kazi yake: mashine ilikuwa inasoma chumba kinachofuata kutoka kwenye CD, kwa kuwa kumbukumbu yake kuu ilikuwa megabaiti 2 tu na isingeweza kubeba jumba lote kwa pamoja. Watengenezaji waliificha shida hiyo nyuma ya mlango. Sekunde zile za mashine kujipanga ndizo nilizoona mabega ya watu yakipanda kuelekea masikioni.

Na kabla ya mlango kuguswa, yalitoka maneno yaliyosemwa mle bandani kuliko mengine yote: "Shika wewe." Kijana aliyekuwa akitamba dakika moja iliyopita anamsukumia mwenzake pedi. Mwenzake anakunja mikono. Pedi inazunguka benchi zima, kila mmoja ana sababu: huyu anataka maji, yule mama yake anamwita. Mlango uko palepale. Hakuna kinachotokea, kwa sababu kwenye gemu hakitokei kitu mpaka mtu abonyeze.

Mtaa wa pili kulikuwa na banda la video, nako filamu za kutisha zilionyeshwa. Kule ukiogopa unafumba macho, na filamu inakwenda zake. Yule msichana atafungua ule mlango hata mkimpigia kelele asifungue. Gemu inakungoja. Utaufungua wewe, kwa kidole chako, na ukifa umejiua. Waliosimama nyuma ya mchezaji waliona picha ileile na kusikia sauti ileile, lakini wao waliendelea kula karanga. Aliyetoka jasho ni mwenye pedi.

Nilivyozidi kukaa ndivyo nilivyozidi kuona kwamba gemu ile ilitisha kwa yale iliyomnyima mchezaji. Ilimnyima macho kwanza. Kamera haikumfuata, kila chumba kilikuwa na kamera zake zisizosogea, nyingine ziko juu kabisa darini, na mandhari yenyewe ilikuwa picha iliyoandaliwa tangu mwanzo. Unakata kona, unasikia miguu inaburuzwa, adui yuko hatua mbili mbele yako, na kamera inatazama kwingine. Fundi baiskeli mmoja, mtu mzima wa kuheshimika, aliwahi kuinuka kitini na kuinamisha shingo pembeni mwa televisheni ili achungulie nyuma ya kona. Tulimcheka. Wiki hiyohiyo nikawaona waliomcheka wakifanya vilevile.

Ilimnyima pia wepesi. Ukitaka kupiga risasi lazima usimame, ukikimbia hupigi. Risasi zenyewe haba, kiasi kwamba waliojua mchezo waliwazunguka misukule badala ya kuwapiga.

Mapema kabisa kuna korido yenye madirisha, ambako mbwa anavunja kioo na kuruka ndani. Watu husimulia mbwa yule kana kwamba ndiye hofu yenyewe. Mimi nilimwona akiwapata wageni wengi, na kila mmoja alifanya vilevile: aliruka, akatukana, akacheka. Kicheko kilitoka haraka mno kwa mtu aliyeogopa. Hofu ilianza baadaye, kwenye madirisha yasiyokuwa na mbwa. Aliyeshtuliwa mara moja alipita katikati ya kila korido, mbali na kila kioo, taratibu, akiwa tayari kwa jambo ambalo halikuja. Mbwa alifanya kazi ya sekunde moja. Saa nzima iliyofuata mchezaji alijitisha mwenyewe.

Halafu kulikuwa na suala la kuhifadhi pale ulipofikia. Ndani ya jumba ulihitaji kuikuta mashine ya taipu, na kila ukihifadhi unatumia utepe wa wino, nazo tepe ni za kuhesabika. Banda letu liliongeza masharti yake. Memori kadi ilikuwa moja, ina nafasi 15, na wapenda mpira walizijaza timu zao. Umeme ulikatika bila taarifa. Nusu saa iliyolipiwa hairudishwi, hilo mjomba alilibandika ukutani. Mtu ambaye hajahifadhi kwa muda mrefu alitembea mle ndani tofauti kabisa na aliyehifadhi dakika iliyopita, na mimi ningekuambia yupi ni yupi kwa kutazama vidole vyake, bila kugeuka kuiona skrini.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuja na mwanafunzi mmoja wa Chumbageni aliyekuwa na kadi yake mwenyewe, ameifunga kwenye nailoni. Aliimaliza gemu chini ya saa tatu, na tuzo ya hilo ni bomba la kurushia makombora yasiyokwisha. Akaja kuwaonyesha wenzake. Jumba lilelile, misukule walewale, korido ileile ya mbwa, na banda likageuka harusi. Kila mtu alitaka pedi. Hapakuwa tena na cha kupoteza, na hofu iliondoka nacho.

Silent Hill ya Konami ilitufikia mwaka uliofuata ule iliotoka, 1999, na mwanzoni ilidharauliwa. Baba mmoja, Harry Mason, mwandishi wa vitabu, anamtafuta binti yake Cheryl katika mji uliojaa ukungu. Hana shabaha. Akikimbia sana anahema. Vijana walikuwa wakiuliza: askari wako wapi, bunduki kubwa ziko wapi, mbona hatuoni kitu? Kelele za banda ziliimaliza. Kwa watu ishirini wanaoshauri kwa pamoja hakuna gemu inayoweza kutisha. Ilikaa kwenye kasha muda mrefu.

Ikafufuka usiku mmoja wa mvua, tukiwa na wateja wanne tu. Mvua ilipiga bati hata ikabidi sauti iongezwe, jambo ambalo siku za kawaida mjomba alilikataza kwa ajili ya majirani. Ndipo tuliposikia kumbe mle ndani mna nini. Akira Yamaoka, aliyetengeneza sauti zake, alijaza vyuma vinavyosagana na mitambo inayounguruma mahali pasipo na mtambo. Harry ana redio ndogo mfukoni, nayo inakwaruza kila kiumbe kinapokaribia. Haisemi kiko upande gani. Mchezaji alisimama katikati ya barabara, akazunguka mara hii, akazunguka mara ile, ukungu mtupu pande zote, na redio inazidi.

Ukungu nao ulikuwa shida iliyofichwa, sawa na milango: mashine isingeweza kuchora mji mpaka mbali, basi mbali kukafutwa. Ila hapa umaskini wa mashine uligeuka utajiri. Na palipokuwa na giza, tochi ilimpa mchezaji chaguo baya: ukiiwasha unaona, nao wanakuona, ukiizima ni vigumu wakugundue, ila wewe huoni chochote. Yule mchezaji aliizima. Tukakaa wote kimya, tukisikiliza skrini nyeusi.

Mmoja wa wale wanne alikuwa kuli wa bandarini, mwenyeji wa Pemba, ambaye misukule aliwacheka tangu siku ya kwanza. Usiku ule hakucheka. Alisema mwaka 1995, wakati wa habari za popobawa, lile zimwi la usiku, kwao watu walilala nje makundi kwa makundi. Nikamuuliza kama yeye alimwona. "Ningemwona ningelala," akanijibu.

Resident Evil 3, ya mwaka huohuo wa 1999, iliwapata waliojiona wameshakuwa wazoefu. Walikuwa wamejifunza kwamba, kwa kawaida, ukipita mlango adui anabaki ulikotoka. Nemesis, adui wa toleo hili, alipita mlangoni baada yao. Watu wawili walilalamika kwangu kwamba diski ni mbovu.

Mjomba alifunga banda, mimi nikahamia Dar es Salaam kutengeneza simu. Mwaka 2005 Mikami mwenyewe aliibadilisha Resident Evil katika toleo la nne: kamera ikakaa nyuma ya bega, risasi zikapatikana, shabaha ikawa tamu. Wengi huiita bora kuliko zote, na kama gemu sibishi. Lakini niliicheza nikiwa nimeegemea kiti. Hofu ilikuja kurudishwa na wengine waliorudi kwenye kunyima. Amnesia, ya Frictional Games wa Sweden, mwaka 2010, haikumpa mchezaji silaha yoyote. Ni kukimbia na kujificha.

Na ipo Alien: Isolation ya mwaka 2014, kazi ya Creative Assembly wa Uingereza, ambayo mpwa wangu anayo. Mle kuna mnyama mmoja anayekuwinda, naye hauawi. Watengenezaji walimgawa sehemu mbili: mfumo mmoja unajua mchezaji alipo na humdokezea mnyama eneo tu, kisha mnyama mwenyewe lazima akutafute kwa macho na masikio yake. Ndiyo maana huwezi kumkariri. Kuhifadhi nako ni kwenye mtambo wa ukutani: unasimama ungoje taa tatu ziwake, na anaweza kukukamata ukiwa hapo. Nilipoziona zile taa nilicheka peke yangu. Ni utepe wa wino uleule.

Mwezi uliopita mpwa wangu, aliyechoka kunisikia nikieleza mambo haya, alinivalisha spika zake za masikioni na kunipa pedi.

"Shika wewe, mjomba."

Nilitembea korido moja, nikasikia kitu darini, nikaingia kabatini. Kifaa cha kunusa mwendo kilikuwa kinalia, kisha kikanyamaza.

"Mjomba, ameshaondoka huyo."

Nikamwambia najua.

"Sasa mbona hutoki?"

Alingoja, akaenda kuoga, akarudi, akanikuta bado nimo kabatini.